Sura ya Sita: Waasi wa Jana na Waasi wa Leo

Katika kazi zote ambazo watu wa zama hizi wamepata kula riziki kwa kucheza, hapana iliyokuwa na sharti kali kama gofu ya kulipwa katika nchi ya Marekani. Mcheza mpira wa miguu huandikiwa mkataba, akapokea mshahara wake afunge bao au akose, awe mzima au awe amelazwa na mguu wa plasta. Lakini mcheza gofu, hata awe bingwa ambaye jina lake latajwa katika kila pembe ya dunia, alikuwa kwa mujibu wa kanuni mtu wa kujitegemea, ajilipiaye nauli, malazi na ujira wa mchukuzi wa fimbo zake, na aingiaye kiwanjani siku ya Alhamisi pasipo yakini ya senti moja. Aghalabu, hadi mwaka 2025, wachezaji 156 walianza. Jioni ya Ijumaa, raundi mbili zikiisha, mchujo hupita wakabaki takriban 65. Na waliochujwa hukunja virago vyao wakaondoka mikono mitupu, mfano wa mvuvi aliyekesha baharini akarudi na wavu mkavu, asiye na wa kumdai fidia kwa kuwa bahari haikuandikiana naye mkataba wowote.

Ukali huo haukuonekana kuwa dhuluma. Kinyume chake, ulihesabiwa kuwa ndio murua wa mchezo wenyewe, nao waliouendesha waliutaja kwa fahari kila walipotaka kuutofautisha na michezo mingine: kwamba hapa hapana mtu alipwaye kwa jina lake wala kwa ushindi wake wa mwaka juzi, bali kila mmoja hulipwa kwa mikwaju aliyopiga wiki hiyo. Mshindi alichukua asilimia 18 ya fungu zima la zawadi, wa pili akapata pungufu ya hapo, na hivyo kushuka hadi yule wa mwisho aliyevuka mchujo. Chama kilichosimamia utaratibu huu, kiitwacho PGA Tour, chenye makao yake Ponte Vedra Beach katika jimbo la Florida, kilikuwa kwa sheria chama kisicho cha faida, mali ya wachezaji wenyewe, kikikusanya fedha za wadhamini na za stesheni za televisheni kisha kuzigawa kwa njia ya zawadi, ya malipo ya uzeeni na ya sadaka.

Lakini ndani ya nyumba hii ya watu huru palikuwa na mlango mmoja uliofungwa kwa kufuli, na msomaji asipoutazama mlango huo hataelewa hata chembe ya fitina iliyofuata. Mwanachama aliyetaka kwenda kucheza mahali pengine katika wiki ambayo PGA Tour ina mashindano yake alilazimika kuomba ruhusa. Ruhusa hizo kwa kawaida zilikuwa 3 kwa mwaka. Na kama mashindano hayo mengine yanafanyika katika bara la Amerika ya Kaskazini, ruhusa haikutolewa kabisa. Basi huyu mtu aliyeambiwa kuwa hana mwajiri alikuwa na bwana wa kumwomba idhini ya kusafiri. Kwa miaka mingi mgongano huo haukumkera mtu, kwa sababu hapakuwa na mahali pengine palipolipa zaidi.

Sasa, ili tuhukumu kwa insafu, inatupasa turudi nyuma hadi mwaka 1968, maana walinzi wa nyumba hii hupenda kusimulia habari zake kana kwamba iliteremka kutoka mbinguni ikiwa imekwisha kujengwa. Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini mashindano ya kulipwa yalikuwa mikononi mwa PGA ya Marekani, chama kilichoanzishwa mwaka 1916, ambacho wengi wa wanachama wake hawakuwa wacheza mashindano bali walimu na walinzi wa viwanja vya vilabu, watu wafundishao matajiri namna ya kushika fimbo na wauzao mipira dukani. Televisheni ilipoingia katika mchezo na fedha zikaanza kumiminika, wale wachache waliokuwa wakionekana katika kioo cha televisheni walijiuliza kwa nini uamuzi juu ya fedha hizo uwe katika mikono ya wengi wasioonekana. Mwezi wa Agosti mwaka 1968 wakajitenga, wakaunda chama chao, na miongoni mwa vinara wao alikuwamo Jack Nicklaus, ambaye leo hutajwa kama nguzo ya mila na desturi. Waliitwa wasaliti, waliitwa walafi, waliambiwa kwamba wamelewa sifa. Mwezi wa Desemba mwaka uo huo suluhu ikapatikana: wachezaji wakapewa idara yao yenye madaraka yake ndani ya chama kile cha zamani, mwaka 1969 Joe Dey akawa kamishna wa kwanza, na mwaka 1975 idara hiyo ikajulikana kwa jina la PGA Tour. Hiyo ndiyo asili yake. Ni mtoto wa uasi, aliyezaliwa na ugomvi wa fedha za televisheni.

Mtu wa pili katika kisa chetu ni Greg Norman wa Australia, bingwa wa mashindano ya The Open katika mwaka 1986 na tena mwaka 1993, mtu mwenye nywele za dhahabu na jina la utani la papa mkubwa mweupe, ambaye kwa muda mrefu alishika nafasi ya kwanza duniani na bado aliweza kupoteza mashindano makubwa kwa namna zilizowaliza hata mahasimu wake. Mwezi wa Novemba mwaka 1994, akiwa na ahadi ya msaada wa stesheni ya Fox, Norman alitangaza mpango wa duru ya dunia, mashindano machache yenye zawadi kubwa kwa wachezaji wachache walio bora. Tim Finchem, kamishna mpya wa wakati huo, hakubishana naye juu ya uzuri wa fikira hiyo; alichukua tu kanuni ya ruhusa akaiweka mezani, na mzee Arnold Palmer akasimama mbele ya wachezaji wenziwe akapinga, na neno la Palmer lilikuwa zito kuliko kitabu kizima cha kanuni. Mpango ukafa. Ila mwaka 1999 PGA Tour pamoja na vyama vya nchi nyingine vilianzisha mashindano ya dunia yenye zawadi kubwa kwa wachezaji wachache walio bora. Kama Norman alitazama ratiba ile akahisi kuwa kuna mtu aliyeingia chumbani mwake usiku, mimi sitamlaumu. Aliibeba nongwa yake kwa miaka 27.

Tarehe 29 Oktoba mwaka 2021 ilitangazwa kampuni iitwayo LIV Golf Investments, mtendaji wake mkuu akiwa ni Greg Norman, na mtaji wake ukitoka katika Mfuko wa Uwekezaji wa Umma wa Saudia, hazina ambayo mwenyekiti wake ni Mwanamfalme Mohammed bin Salman na gavana wake ni Yasir Al-Rumayyan, bwana mpenda gofu ambaye wakati huo huo alikuwa mwenyekiti wa kampuni ya mafuta ya Aramco na, tangu mwezi huo huo wa Oktoba, mwenyekiti wa klabu ya Newcastle United ya Uingereza. Safari hii Norman hakuja na ahadi ya stesheni ya televisheni. Alikuja na kisima cha mafuta.

Ligi hiyo ilipindua karibu kila kitu. Jina lake ni tarakimu ya Kirumi ya 54, kwa kuwa mashindano yake yaliwekwa yawe ya mashimo 54 katika siku 3, badala ya mashimo 72 katika siku 4. Wachezaji walikuwa 48, wakagawanywa katika timu 12. Wote walianza kwa wakati mmoja, kila kundi katika shimo lake, ili mtazamaji asisubiri kutwa nzima. Muziki ulipigwa kiwanjani. Na mchujo, ule mchujo uliokuwa fahari na hofu ya mchezo, ulifutwa. Fungu la kila mashindano lilikuwa dola milioni 25, na aliyeshika mkia alijua kabla ya kupiga mpira wa kwanza kwamba ataondoka na dola 120,000. Juu ya hayo yote palikuwa na fedha za kusaini mkataba, ambazo kwa watu kama Phil Mickelson na Dustin Johnson magazeti yalizikadiria kuwa zaidi ya dola milioni 100 kwa kila mmoja. Norman alisema hadharani kwamba Tiger Woods alifikiwa kwa ahadi iliyokuwa kati ya dola milioni 700 na 800, naye akakataa. Mtu anayekataa kiasi hicho huwa ama ni tajiri sana ama ana jambo analolithamini sana, na Woods alikuwa na yote mawili.

Mickelson anastahili kusimuliwa peke yake, maana yeye ndiye aliyesema kwa kinywa chake yale ambayo wengine waliyaficha nyuma ya maneno ya kukuza mchezo. Mwaka 2021, akiwa na umri wa miaka 50, alitwaa ubingwa wa PGA huko Kiawah, akawa mzee kuliko wote waliopata kushinda moja ya mashindano makuu manne. Hapakuwa na mchezaji aliyependwa na umma wa Marekani kumshinda. Mwezi wa Februari mwaka 2022 yakachapishwa maneno aliyomwambia mwandishi Alan Shipnuck, ambamo aliwataja Wasaudi kuwa watu wa kuogofya, akakiri kwamba anajua habari ya kuuawa kwa mwandishi Jamal Khashoggi na habari za haki za binadamu katika nchi ile, kisha akasema kwamba pamoja na hayo yote hii ni fursa isiyopatikana mara mbili ya kuilazimisha PGA Tour ibadilike. Lau angalisema kwamba anataka fedha, watu wangalimcheka na kumsamehe. Alichokifanya ni kuwakasirisha kwa neno moja maadui na washirika wake pamoja. Wadhamini wake walimkimbia, akaomba radhi, akajificha, na mwezi wa Mei hakutokea hata kuutetea ubingwa wake. Hata hivyo mimi nimesoma mengi yaliyosemwa na pande zote mbili katika miaka ile, na sikumbuki mtu mwingine aliyeyasema makusudio yake kwa uwazi kama huo.

Mashindano ya kwanza yalichezwa katika klabu ya Centurion, karibu na London, tangu tarehe 9 hadi 11 Juni mwaka 2022. Nusu saa tu baada ya mipira ya kwanza kupigwa, barua ya kamishna wa PGA Tour, Jay Monahan, ilikuwa imekwisha kutoka: wachezaji 17 wamesimamishwa, na wengine wote watakaofuata nyayo zao watapata adhabu iyo hiyo. Siku ya tatu Charl Schwartzel wa Afrika Kusini aliondoka na dola milioni 4 kwa ushindi wake, na 750,000 nyingine kwa sababu timu yake ya Waafrika Kusini ilishinda pia. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kipimo cha fedha hiyo kipo karibu. Mashindano ya Kenya Open, yaliyoanza mwaka 1967, ambayo Seve Ballesteros aliyashinda mwaka 1978 na Ian Woosnam mwaka 1986, na ambayo tangu mwaka 2019 yamo katika ratiba kuu ya chama cha Ulaya yakichezwa katika viwanja vya Karen na Muthaiga huko Nairobi, zawadi zake zote kwa jumla, za mshindi na za wa mwisho, hazifikii zile alizobeba mtu mmoja pale Centurion kwa siku 3. Na chama chenyewe cha Ulaya, kilichokuwa mshirika wa PGA Tour tangu mwaka 2020 na kilichowatoza waasi wake faini ya pauni 100,000 kila mmoja, wakati huo kilikuwa kimekwisha kuchukua jina la mdhamini wake, DP World ya Dubai, kampuni ile ile ambayo mwaka 2023 ilitia saini mkataba wa kuendesha baadhi ya gati za bandari ya Dar es Salaam. Ghuba ilikuwa imekaa pande zote mbili za meza.

Hapo ndipo tunapofika kwenye hoja ya maadili, ambayo ilipigiwa kelele nyingi zaidi na kudumu muda mfupi zaidi. Siku 3 tu baada ya barua yake, Monahan alihojiwa katika televisheni, akataja jamaa za watu waliouawa tarehe 11 Septemba mwaka 2001, kisha akawauliza wachezaji kama imepata kutokea hata mara moja mtu akalazimika kuomba radhi kwa kuwa mwanachama wa PGA Tour. Lilikuwa swali lenye makali. Jamaa za marehemu wenyewe walikwenda kuandamana karibu na viwanja vya waasi, wakiwa na haki yao ya huzuni ambayo hapana mwenye adabu awezaye kuibisha. Mauaji ya Khashoggi katika ubalozi mdogo wa Istanbul tarehe 2 Oktoba mwaka 2018 hayakuwa uzushi wa gazeti. Lakini ni haki pia kukumbusha kwamba mwaka 2019, miezi michache baada ya mauaji hayo, chama cha Ulaya kilianzisha mashindano yake huko Saudia kwenye pwani ya Bahari ya Sham. Kwamba wa kwanza kuyashinda alikuwa Dustin Johnson, naye hakusimamishwa na mtu. Na kwamba makampuni kadhaa yaliyodhamini PGA Tour yalikuwa yakifanya biashara katika nchi ile ile bila ya kuulizwa swali. Dhamiri iliyolala wakati mgeni alipokuwa mteja, ikaamka alipogeuka kuwa mshindani, si dhamiri ya kutegemewa, na walioitumia kama ngao walikuwa wakiwaazima wafiwa machozi yao kwa muda usiojulikana.

Kutoka hapo ugomvi uliingia mahakamani. Mwezi wa Agosti mwaka 2022 wachezaji 11, Mickelson akiwa miongoni mwao, walifungua kesi huko California wakidai kwamba PGA Tour ni hodhi inayovunja sheria za ushindani. Na hapo kanuni ile ya ruhusa, mlango ule wenye kufuli, ikasomwa kwa sauti mbele ya hakimu. Wachezaji 3 walioomba waruhusiwe kwa dharura kucheza mashindano ya mwisho wa msimu walikataliwa, na mojawapo ya sababu ilikuwa nzuri kwa kinaya chake: hasara waliyodai kuipata walikuwa wamekwisha kulipwa na LIV, tena kwa ziada.

Lakini uamuzi wenye uzito zaidi katika mwezi huo haukutolewa na hakimu. Tarehe 16 Agosti Tiger Woods aliruka kwa ndege hadi Delaware, akaketi faraghani katika hoteli pamoja na Rory McIlroy na wachezaji wengine wapatao 20, walio bora miongoni mwa wale ambao hawakuondoka. Siku chache baadaye Monahan alitangaza utaratibu mpya: mashindano maalumu yatakayowakusanya walio juu kabisa, kila moja likiwa na fungu la dola milioni 20 au karibu na hapo. Msomaji atauliza fedha hizo zilikuwa wapi mwaka uliotangulia, wachezaji walipoambiwa kwamba hazina haina zaidi. Swali hilo ndilo alilouliza Mickelson, na kwa bahati mbaya kwake alikuwa ameliuliza kwa ulimi mchafu.

Mashindano makuu manne hayakuwa mali ya upande wowote: Masters ni ya klabu ya Augusta, U.S. Open ni ya chama cha gofu cha Marekani, The Open ni ya R&A ya St Andrews, na ubingwa wa PGA ni wa kile chama cha zamani cha walimu. Wenye mashindano hayo hawakuwapenda waasi, ila waliheshimu mikwaju yao. Kwa hiyo mara nne kwa mwaka mahasimu walikutana katika nyasi moja. Cameron Smith alitwaa The Open ya 150 mwezi wa Julai mwaka 2022, kisha akahamia LIV kabla ya vumbi la sherehe kutulia. Brooks Koepka, mwasi tayari, alitwaa ubingwa wa PGA mwezi wa Mei mwaka 2023 huko Oak Hill. Wale waliosema kwamba fedha za bure huua makali ya mchezaji walinyamaza kwa wiki kadhaa.

Walikuwa bado kimya ilipofika tarehe 6 Juni mwaka 2023. Asubuhi ya siku hiyo, katika stesheni ya CNBC, Jay Monahan na Yasir Al-Rumayyan waliketi bega kwa bega wakatangaza kwamba PGA Tour, chama cha Ulaya na Mfuko wa Saudia wamekubaliana kuunganisha biashara zao, na kwamba kesi zote zinafutwa. Mazungumzo yalikuwa yameendeshwa kwa majuma kadhaa, London na Venice, na watu wachache mno. Wachezaji, ambao kwa katiba ndio wenye chama, walizipata habari hizo katika simu zao kama mpita njia yeyote, wengine wakiwa kiwanjani wakifanya mazoezi kwa ajili ya mashindano ya Kanada. McIlroy, aliyetumia mwaka mzima kuisemea nyumba katika kila kikao cha waandishi, akipoteza marafiki na pengine hata mikwaju kwa kazi ambayo haikuwa yake, alikiri kesho yake kwamba anajiona kama mwanakondoo wa kafara. Monahan mwenyewe alisema anajua kwamba ataitwa mnafiki. Katika hilo hakukosea.

Nimejaribu kumtetea mtu huyu moyoni mwangu, kwa kuwa si uungwana kumhukumu aliyeshindwa bila ya kutazama mkono aliopewa. Mwezi uliofuata, mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Seneti iliyoongozwa na Richard Blumenthal, wakuu wenziwe wawili, Ron Price na Jimmy Dunne, walieleza kwamba mshindani wao hana kikomo cha fedha wala haja ya faida, na kwamba gharama za mawakili peke yake zilikuwa zikikausha hazina. Hoja hiyo ina ukweli. Chama cha watu huweza kushindana na chama kingine cha watu, bali hakiwezi kushindana na akiba ya dola. Ila kama hayo yalijulikana mwaka 2023, yalijulikana pia mwaka 2022, siku yalipoletwa majina ya marehemu mezani. Na kosa lisilosameheka kwa Monahan ni kwamba alipigana kwa silaha ya maadili akijua kuwa atakuja kufanya suluhu kwa silaha ya hesabu.

Suluhu yenyewe haikutimia. Muda waliojiwekea ulikwisha tarehe 31 Desemba mwaka 2023, na mapema mwezi huo huo Jon Rahm wa Uhispania, bingwa wa Masters wa mwaka ule, mtu aliyetangaza hadharani mwaka uliotangulia utii wake kwa PGA Tour, alivaa koti la LIV kwa fedha ambazo magazeti yalizikadiria kupita dola milioni 300. Mwezi wa Januari mwaka 2024 PGA Tour ilipata matajiri wengine, kundi la wenye timu za michezo za Marekani, walioahidi hadi dola bilioni 3 katika kampuni mpya ya biashara ambayo wachezaji walipewa hisa ndani yake. Na kwa hatua hiyo haja ya Wasaudi ikapungua. Mwezi wa Februari mwaka 2025 Rais Donald Trump, ambaye viwanja vyake vilikuwa wenyeji wa LIV tangu mwaka wa kwanza, aliwakutanisha mahasimu katika Ikulu ya Marekani, Woods na Adam Scott wakiwapo, wakatoka kama walivyoingia. Norman alikuwa amekwisha kumwachia Scott O'Neil uongozi wa LIV; na kabla ya mwaka huo kufika nusu PGA Tour nayo ikamwita Brian Rolapp kutoka ligi ya kandanda ya Kimarekani kuwa mtendaji mkuu.

Basi na tutazame sasa nyumba mbili hizi zilivyo, tuache zilivyojisifu. PGA Tour, iliyoukashifu mchezo wa watu wachache wasiochujwa, imeweka mashindano 8 ya fahari kwa mwaka, yenye wachezaji wapatao 70 au 80, na 5 kati yake hayana mchujo kabisa. LIV, iliyoucheka utaratibu wa kizee wa siku 4, ilitangaza mwezi wa Novemba mwaka 2025 kwamba kuanzia mwaka 2026 nayo itacheza mashimo 72, kwa kuwa ilichoka kukataliwa alama za orodha ya ubora wa dunia. Kila mmoja amehamia katika nyumba ya mwenzake na kuendelea kumtukana kutoka dirishani. Na fedha? Mwaka 2000, ambao wajuzi wengi huuhesabu kuwa mwaka bora kuliko yote katika gofu ya zama zetu, Tiger Woods alipata zawadi za dola milioni 9.2. Mwaka 2024 Scottie Scheffler, mtu mtulivu ambaye hakuhama wala hakupaza sauti, alipata zawadi zipatazo dola milioni 29, mbali na bahashishi ya milioni 25 mwisho wa msimu. Hapana mwasi aliyemfanyia Scheffler wema mkubwa kuliko Phil Mickelson, ingawa sidhani kama amepata kumwandikia barua ya shukrani.

Mwanzoni mwa mwaka 2026 mlango ulifunguliwa nusu: Koepka, aliyekuwa amekwisha kujitoa LIV, alikubali kutoa dola milioni 5 kwa sadaka na kukosa hisa kwa miaka 5, akarudi PGA Tour, na waliompokea hawakuwa na ghadhabu ya mwaka 2022. Waliobaki upande wa pili wakiwa matajiri, na waliorudi wakiwa matajiri, na wale ambao hawakuondoka wakiwa matajiri kuwazidi wote, ni vigumu kumpata bingwa aliyeumizwa na vita hivi. Walioumizwa yafaa watafutwe chini zaidi katika orodha. Ili mashindano yawe ya watu wachache na zawadi ziwe kubwa, PGA Tour ilipunguza idadi ya wanachama wake wenye haki kamili ya kucheza kutoka 125 hadi 100, na nafasi za kupanda kutoka daraja la pili zikashuka kutoka 30 hadi 20. Aliyeshika nafasi ya 110 mwaka 2024 alikuwa na kazi. Aliyeshika nafasi iyo hiyo mwaka 2025 hakuwa na yakini nayo. Wala hapana upande wowote uliowahi kumpigia simu.